Mikato ya Kasiani

Gaudens hakuwa mtu wa bahari. Alizaliwa Bukoba, akajifunza ufundi wa mashine kwenye karakana ya wamisionari, akashuka Dar es Salaam mwaka wa 1947 kutafuta kazi ya magari. Kazi aliyoipata ikawa ya boti. Mwarabu mmoja wa Msasani, Matar bin Hilal, mwenye duka la vitambaa na mafuta ya taa, alikuwa amenunua boti ya mashine iliyoachwa na jeshi baada ya vita. Akaipaka rangi nyeupe, akaiita Mahfudha kwa jina la mama yake, akaanza kuikodisha kwa Wazungu waliopenda kuvua kwa fimbo.

Walikuja Jumamosi na Jumapili, na kofia zao na vikapu vya chakula. Walipelekwa nje ya kisiwa cha Mbudya, wakavua nguru, jodari na sulisuli kwa kujifurahisha tu, jioni wakapiga picha ufukweni na samaki wao, kisha wakaenda zao. Samaki wengi waliwaacha hapohapo mchangani.

"Mtu analipa akavue, halafu samaki mwenyewe hamtaki," alikuwa akisema Apolonia, mkewe Gaudens, huku akimpara changu uani kwao Kinondoni. "Hawa watu wana ugonjwa gani?"

"Ugonjwa wao ndio unga wetu," Gaudens alimjibu.

Botini walikuwa watatu. Mwinjuma, mzaliwa wa Msasani, ndiye aliyekuwa nahodha, mtu wa maneno machache na macho makali. Gaudens alikaa katikati, karibu na mashine, ambayo ililia kwa sauti iliyomfanya arudi nyumbani na mvumo masikioni. Wa tatu alikuwa Kasiani, Mchaga wa Rombo, aliyekata chambo, aliyechemsha chai kwenye jiko la mafuta ya taa, na aliyewapasua samaki.

Ukimwona Kasiani na kisu ungesema anacheza. Mkato mmoja wa tumbo, matumbo nje, matamvua nje. Kisha mikato mitatu ya mshazari ubavuni, ya kuingizia chumvi na pilipili. Hayo kila mpishi huyafanya. Lakini Kasiani aliongeza lake: chini kabisa, pale mkia unapoanza, alichanja msalaba mdogo kwa ncha ya kisu.

"Huyu nishambatiza," alisema. "Sasa aingie chunguni bila wasiwasi."

Mwinjuma, Mwislamu mwema, alikuwa akitikisa kichwa na kuficha kicheko. Na kila safari, Kasiani alimtenga changu mmoja, akampitisha ukindu mbichi kwenye shavu, akafunga fundo, akampa Gaudens liwe fungu la kitoweo cha nyumbani. "La Apolonia hilo." Hakukosa hata siku moja. Chakula kikiwa tayari hakuita mtu kwa jina, aligonga ubao kwa ubapa wa kisu, ta, ta, ta, nao wakajua.

Kasiani na Gaudens walikuwa majirani Kinondoni, wakipakizana baiskeli moja kwenda Msasani alfajiri. Jumapili wasiposafiri walikwenda pamoja kwenye kigango, kanisa dogo la saruji na mabati, Kasiani na mkewe Benedicta na watoto wao wawili. Kitu kimoja tu Kasiani hakukijua katika mambo yote ya bahari. Hakujua kuogelea. Mlimani kwao hakuna anayehitaji.

*

Mwisho wa msimu huwa mwezi wa Machi. Kaskazi inakufa, masika bado haijaanza, na hapo katikati huja siku za maleleji, upepo unapokatika kabisa na bahari ikalala kama mafuta kwenye sahani. Jua la siku hizo halina huruma. Wavuvi wa fimbo huzipenda kwa sababu sulisuli hupanda juu. Baada ya hapo boti hupandishwa pwani mpaka mvua zipite.

Jumamosi ya mwisho ya msimu wa 1952, mteja alikuwa mzungu mmoja mkubwa wa serikali ambaye watu wa Msasani walimwita Bwana Kidevu, kwa jinsi kidevu chake kilivyotangulia mbele kuliko mtu mwenyewe. Alikuja peke yake. Alijua Kiswahili vizuri, cha kuamrisha.

Saa sita kamili sulisuli alinasa. Aliruka mara moja, wakamwona wote, mrefu kuliko mtu, buluu na fedha. Bwana Kidevu alikuwa amejifunga mkanda kwenye kiti cha nyuma. Alivuta na kulegeza, akavuta na kulegeza, jasho likimtiririka. Samaki aliposogea, Kasiani alishika kulabu akainama ukingoni tayari kumvutia ndani. Hapo samaki akageuka, akaondoka kwa kishindo.

"Mbele!" Bwana Kidevu alipiga kelele. "Mfuate! Mbele!"

Boti ikaruka. Gaudens, aliyekuwa ameinamia mashine, aliona kivuli kikipita. Alipoinua kichwa aliona nyayo mbili, nyeupe kwa chini, zikipotea ukingoni.

Bwana Kidevu naye aliona. Hakugeuza shingo. "Usisimame! Nitampoteza! Tutamrudia huyo!"

Mwinjuma, usukani mkononi, alimtazama Gaudens. Mkono wa kuzimia mashine ulikuwa karibu na goti la Gaudens. Kuuvuta ni kazi ya mtoto.

Watu wanasema mashine ile ilikuwa na kelele mno. Ni kweli. Lakini kuna sauti zinazopenya.

"Gaudens! Zima!"

Hakumwita nahodha. Hakumwita bwana. Alimwita mwenye mashine.

"Gaudens! Zima!"

Gaudens alimwangalia Bwana Kidevu. Alingoja amri.

"Gaudens!"

Robo saa baadaye mshipi ulikatika, samaki akaenda zake. Ndipo walipogeuza. Bahari ilikuwa tambarare, unaona hata unyoya wa ndege ukielea. Hawakuona kofia. Hawakuona kulabu. Walizunguka mpaka saa tisa, Mwinjuma akiita, Gaudens akiinamia mashine.

Njiani kurudi Bwana Kidevu alisema nao kwa utulivu kabisa. Mtu yule, alisema, tangu asubuhi alikuwa na huzuni. Alisimama ukingoni akajitupa mwenyewe. Hivyo ndivyo yeye alivyoona na hivyo ndivyo atakavyoandika. Kama wao wameona vingine, basi ni uzembe wa nahodha na wa fundi, na uzembe unaoua mtu una jela yake.

Kituoni kwa polisi, Mwinjuma alitia dole gumba kwenye maelezo hayo. Gaudens alitia sahihi. Karani alimwuliza swali moja tu.

"Ulisikia kelele yoyote?"

"Hapana," Gaudens alijibu. "Mashine ina sauti kubwa."

*

Maiti haikuonekana. Na padre, kwa masikitiko, alimweleza Benedicta kwamba mtu aliyejiua mwenyewe hawezi kusomewa Misa ya wafu. Sheria ya Kanisa ilikuwa hivyo siku hizo. Benedicta akahama benchi, akakaa la mwisho karibu na mlango, na wanawake waliokuwa wakimsalimu kwa kumshika mikono miwili wakaanza kumsalimu kwa kichwa. Watoto wake walirudi nyumbani wakiuliza kama ni kweli baba yuko motoni.

Siku moja alimfuata Gaudens.

"Shemeji, nakuuliza wewe uliyekuwapo. Asubuhi ile mume wangu alikuwa na huzuni gani? Alitoka kwangu akipiga mluzi."

"Sijui, shemeji," Gaudens alisema, akitazama gurudumu la baiskeli. "Mie nilikuwa kwenye mashine."

Msimu mpya ulianza mwezi wa Agosti. Wateja walikuja, wakavua, wakapiga picha. Hakuna mpishi mwingine aliyechukuliwa. Gaudens aliogopa safari ya kwanza, akaogopa ya pili, ya tatu akazoea. Miezi saba haikutokea kitu. Akaanza kulala vizuri. Akaanza hata kuamini jibu lake mwenyewe, kwamba mashine ina sauti kubwa.

Machi ikaingia. Kaskazi ikafa.

Siku ya Ijumaa Matar alimwita yeye na Mwinjuma dukani. Alikuwa akikunja kitambaa ambacho kilikwisha kunjwa.

"Kesho ndiyo safari ya mwisho kabla ya kupandisha boti," alisema. "Bwana Kidevu anataka kuvua. Anastaafu, wiki ijayo anapanda meli kwenda kwao."

"Kwa nini asichukue boti nyingine?" aliuliza Mwinjuma.

"Nimemwuliza. Anataka hii, na anataka palepale. Anasema ana samaki wake pale." Matar aliweka kitambaa chini. "Mkubwa yule nitamkataza vipi mie?"

Mwinjuma aliinuka akatoka. Alikwenda botini akafukiza ubani mpaka moshi ukawatoa machozi, akasoma alichokisoma.

*

Bahari siku ile ilikuwa ileile. Tambarare, nyeupe kwa jua, hakuna upepo. Walipita Mbudya saa tatu. Bwana Kidevu alikuwa mchangamfu. Aliwapa sigara, akawaambia atawakumbuka akiwa Ulaya.

Wa kwanza kunasa alikuwa kolekole. Bwana Kidevu alimvuta bila taabu, Mwinjuma akamtoa majini na kumweka ubaoni. Samaki alipiga mkia mara mbili. Kisha Mwinjuma akarudi nyuma hatua moja.

Tumbo lilikuwa limepasuliwa. Ndani mlikuwa mtupu, msafi, mmeoshwa. Matamvua hayakuwamo. Ubavuni mlikuwa na mikato mitatu ya mshazari. Haikutoka damu hata tone.

Na samaki alikuwa hai. Alifunua kinywa, akafumba. Akafunua, akafumba.

"Papa," Bwana Kidevu alisema. "Papa amemwuma akija juu." Akacheka, akamrusha baharini.

Gaudens hakumtazama tena yule samaki. Alikuwa ameshaona pale mkia unapoanza.

Wa pili alikuwa nguru, mkubwa wa urefu wa mkono. Mkato wa tumbo. Mikato mitatu. Chini mkiani, msalaba mdogo wa ncha ya kisu. Kinywa kikifunua na kufumba.

"Papa hana kisu," Mwinjuma alinong'ona.

Safari hii Bwana Kidevu hakucheka. Alimgeuza samaki kwa kiatu. Akawatazama mmoja baada ya mwingine, uso umemwiva.

"Mnanichezea? Nani kati yenu anafanya mchezo huu?"

"Bwana, samaki umemvuta mwenyewe," Mwinjuma alisema. "Mikono yetu hii hapa."

"Visu viko wapi?"

Gaudens alifungua sanduku. Mlikuwa na kimoja tu, butu, cha kukatia kamba. Kisu cha Kasiani kilikuwa kiunoni mwake siku alipozama.

"Bwana," Gaudens alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba, "turudi."

"Tutarudi nikisema." Alitia chambo kwenye ndoana kwa mikono yake mwenyewe, akakaa kitini, akakaza mkanda. "Mbele. Polepole."

Walikwenda polepole. Jua lilipanda. Kivuli cha boti kikajikusanya chini yake mpaka kikaisha. Gaudens hakuhitaji saa. Alijua ni saa sita.

Mshipi ukanasa.

Gurudumu la fimbo lililia, mshipi ukikimbia kwa kasi kama siku ile. Fimbo ikapinda mpaka ncha ikagusa maji. Bwana Kidevu alisahau hasira, alisahau kila kitu. "Ndiye! Ni yeye! Mbele! Mfuate! Mbele!"

Boti ikaruka.

Na nyuma yao, mbali kidogo, juu ya kelele zote za mashine:

"Gaudens! Zima!"

Mwinjuma alisikia. Gaudens alimwona akisikia. Mabega yalimpanda mpaka masikioni. Hakugeuka.

"Mbele!" alipiga kelele Bwana Kidevu.

"Gaudens! Zima!"

Gaudens aliuvuta mkono wa mashine.

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko kelele. Boti ilijiburura kidogo, ikasimama. Maji hayakugonga hata ubao. Bwana Kidevu alifungua kinywa atukane, lakini hapo mshipi ukalegea. Ukalala juu ya maji kama uzi wa kushonea.

Walingoja. Hakuna aliyejua wanangoja nini.

Mshipi ulivutwa. Mara moja, polepole. Mara ya pili. Mara ya tatu. Hivyo si samaki anavyovuta. Hivyo ndivyo mtu anavyovuta nguo ya mwenzake akitaka amtazame.

Bwana Kidevu alianza kuzungusha gurudumu. Hakuamriwa na mtu. Mikono yake ilizungusha yenyewe. Kilichokuja juu kilikuwa chepesi. Changu mdogo, wa mawe ya karibu na pwani, ambaye hapatikani kule kwenye kina hata ukivua mwaka mzima. Alikwisha parwa magamba. Mikato mitatu. Msalaba. Ndoana haikumshika kinywani. Ilikuwa imeshika fundo la ukindu, na ukindu ulipita shavuni, mbichi, wa kijani, kana kwamba umekatwa asubuhi ile.

"La Apolonia hilo."

Hakuna aliyesema hivyo. Gaudens alisikia kichwani mwake tu, au alidhani ni kichwani mwake. Lakini Mwinjuma aliweka kiganja kinywani.

Kisha ubao ukagongwa.

Chini. Chini ya boti, upande wa maji. Ta, ta, ta. Mbele kwenye omo. Kimya. Ta, ta, ta. Karibu zaidi. Ulikuwa ubapa wa chuma juu ya ubao, wala haukuwa na haraka. Ulipita chini ya miguu ya Mwinjuma, naye akainua mguu mmoja, akainua wa pili, kama mtu aliyekanyaga makaa. Ukaja katikati. Ukasimama chini ya Gaudens.

Ta.

Gaudens alipiga magoti. Aliweka viganja viwili juu ya ubao, na ubao ulikuwa baridi, mchana wa jua lile.

"Kasiani," alisema. "Ni mie."

Ta.

"Gaudens, nyamaza," Mwinjuma alinong'ona. "Nyamaza, tutakufa."

"Nilikusikia," Gaudens alisema. Machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya mikono. "Uliniita mara tatu. Nilikusikia zote tatu. Mashine haikunizuia kusikia. Nilimngoja huyu aniambie. Nilikusikia, Kasiani, nikakuacha."

Kimya.

Bwana Kidevu alifungua mkanda, akasimama. Uso wake ulikuwa na rangi ya unga wa muhogo. "Washa mashine," alisema. "Washa!" Na kwa kuwa mshipi ulikuwa bado umeshuka majini na yule changu ananing'inia kwenye ndoana, alinyoosha mkono kuushika aukate.

Mshipi ukakazika. Ulivutwa mara moja tu, kwa nguvu, kama kamba ya kengele. Bwana Kidevu alipiga ukelele mmoja mfupi. Mshipi ukakatika. Changu akaanguka majini, na hakuzama mara moja. Alikaa juu kidogo, akifunua na kufumba kinywa, kisha akashuka chini wima, mkia mbele, kana kwamba kuna mkono uliomshika na kumvuta kwa upole.

Mashine iliwaka kwa mzunguko wa kwanza.

Gaudens ndiye aliyemfunga bwana kidonda cha mkono. Mshipi ukikukata hukukata mara moja, mstari mmoja wa kiganja. Bwana Kidevu alikuwa na mikato mitatu, ya mshazari, yenye nafasi sawa. Na chini, pale kiganja kinapokutana na kifundo, msalaba mdogo. Haikutoka damu hata tone.

Walirudi Msasani moja kwa moja. Aliposhuka, Bwana Kidevu aliacha fimbo zake botini. Alipanda meli yake wiki ile. Mpishi wake, aliyembebea mizigo mpaka gatini, alisimulia baadaye kwamba kidonda kile hakikufunga wala hakikuoza. Kilikaa wazi, kikavu, na bwana alilala amekivika glavu.

*

Jioni ileile, jua bado halijazama, Gaudens alikwenda kwa Benedicta. Alimkuta uani akitwanga. Hakumsalimu kwa jina. Alisimama mbele yake akasema yote, tangu mwanzo, akiwa amesimama.

Benedicta hakuacha kutwanga mpaka alipomaliza.

"Alikuita mara ngapi?"

"Mara tatu, shemeji."

"Na mie nilikuja kwako mara ngapi kukuuliza?"

Benedicta akauegemeza mchi ukutani.

"Usiniite shemeji," Benedicta alisema. "Kesho asubuhi twende kwa padre. Utasema hivyohivyo, na utasema mbele ya watu. Wanangu watakuwapo wasikie."

Mwinjuma alipoulizwa alisema yeye hakusikia kitu, si mwaka jana wala mwaka huu. Lakini hakuingia baharini tena. Alianza kuuza mkaa Magomeni, na watu walisema hapiti karibu na mtu anayegonga ubao. Matar aliipandisha Mahfudha pwani wiki ile, akaiuza kwa mtu wa Tanga bila kumweleza chochote. Gaudens alienda tena polisi, akaandikisha maneno yake upya. Alitegemea kufungwa. Hakufungwa. Aliambiwa aende nyumbani, ataitwa, na hakuitwa.

Misa ya wafu ya Kasiani ilisomwa Jumamosi moja baada ya Pasaka. Kigango kilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Mbele ya altare waliweka jeneza tupu, limefunikwa kitambaa cheusi. Benedicta alikaa benchi la kwanza na watoto wake. Kabla padre hajaanza, Gaudens alisimama mahali pake, benchi la nne upande wa wanaume, akasema mbele ya wote. Sauti haikumtetemeka. Alipokaa, alihisi mwili mwepesi kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima, na akalia bila aibu, Apolonia akimtazama toka upande wa pili.

Watu walipotoka, Didas katekista alibaki kuzima mishumaa. Ndiye aliyeona sakafu imelowa, kwenye njia ya katikati, karibu na benchi la nne. Mvua haikuwa imenyesha tangu jana yake, na bati juu ya pale lilikuwa zima. Alichukua tambara akapangusa. Maji yalitoka, lakini saruji ilipokauka pakabaki weupe. Akagusa kwa kidole, akaonja.

"Chumvi," alimwambia padre.

Walipoinama wakaona alama hizo zina umbo. Duara mbili ndogo zilizokaa pamoja, na nyuma yake, kwa kadiri ya urefu wa miguu ya mtu, vitone kumi. Magoti na vidole vya miguu. Mtu alikuwa amepiga magoti pale Misa nzima.

"Amekuja kusali," padre alisema polepole, akafanya ishara ya msalaba. "Apumzike kwa amani."

Didas hakuitikia. Yeye alikuwa ameshaona kitu ambacho padre, kwa uzee wa macho, hakukiona. Vidole ndivyo vilivyokuwa upande wa altare. Magoti yalikuwa upande wa pili. Aliyepiga magoti pale aliipa altare mgongo, akamkabili mtu aliyeketi mwisho wa benchi la nne.

Didas aliwaeleza Gaudens na Apolonia peke yao. Walipasugua pale kwa brashi na maji ya kisima mpaka saruji ikachubuka. Jumapili Gaudens alihama, akaketi benchi la pili, ukutani kabisa. Baada ya Misa Didas alipita akitazama chini. Zilikuwapo, mbichi, bado zinang'aa kwa maji. Zilikuwa zimesogea mbele benchi mbili, na zilikuwa zimegeuka, zikitazama ukutani.

Jumapili iliyofuata Gaudens hakuingia ndani. Alisikiliza Misa akiwa amesimama nje kwenye jua, hatua chache toka mlangoni, kofia mkononi. Watu walipoinuka kutoka, mama mmoja aliyekuwa mbele alisita, akakunja kanga yake, akaruka kizingiti kama anayeruka dimbwi.

Didas alikuja akaangalia. Magoti yalikuwa ukingoni kabisa mwa saruji, maji yake yakichuruzika kuingia mchangani, yakitazama nje.